Siku Nane za Kijani

Sijui kukaa. Hilo mlijue kwanza, vijana wangu mnaoanza kazi ya vipimo, ili mkiona habari hii inarukaruka msije mkasema bibi kachanganyikiwa. Nilikuwa hivi tangu zamani. Leo nimekalia kiti hiki, nimeinuka kuangalia maharage jikoni, nimerudi, nimeinuka tena kutafuta simu. Simu ndiyo inayoniua. Nafungua ile tovuti ya vipimo vya mto, natazama mstari wa Kivukoni, nafunga, halafu hata maharage hayajachemka nafungua tena. Mwanangu wa pili ananiuliza, "Mama, umestaafu au umehamishwa ofisi?" Namwambia aniache.

Jina langu Skolastika, lakini ukija hapa Kibaoni ukamuulizia Skolastika watakupeleka kwa mwingine anayeuza vitenge. Ulizia Mama Mita. Kwa miaka ishirini na sita nilisoma kipimo cha maji ya Mto Kilombero pale Kivukoni, enzi za pantoni, kabla daraja halijajengwa. Baadaye wakanileta ofisini mjini Ifakara kuingiza namba kwenye kompyuta, mpaka nikastaafu. Zile namba za miaka hiyo mnazozitazama bure kwenye simu zenu, karibu zote zimepita kwenye macho haya na kidole hiki. Na ndani yake zimo za siku nane nilizozitunga mwenyewe. Nimeona niwaambie mimi kabla hamjaambiwa na watu.

Haya, tuanze na kazi.

Kipimo ni vibao vya chuma vilivyochorwa sentimita, vimefungwa kwenye nguzo, na nguzo zimepangwa ukingoni moja juu ya nyingine, kibao cha chini kabisa kwa ajili ya kiangazi na cha juu karibu na barabara. Maji yakipanda unahamia kibao cha juu. Unasoma saa tatu asubuhi, unasoma saa kumi na moja jioni, unaandika kwenye daftari. Basi. Mtu akisikia hivyo anasema, hee, hiyo nayo ni kazi? Njoo uifanye! Maji hayatulii. Pantoni ikipita yanapanda na kushuka, kwa hiyo unatazama yanapofika juu, unatazama yanapofika chini, unachukua katikati. Kibao kinaota utelezi, usipokisugua kwa brashi utasoma moja mahali penye saba. Na usisome umesimama juu ukingoni umejishika kiuno. Chuchumaa, jicho liwe sawa na maji. Wengi wanaona uvivu kuchuchumaa, na hasa wenye viatu vizuri.

Halafu kuna viboko. Palikuwa na dume mmoja aliyependa kupumzika palepale kwenye kibao cha pili, asubuhi, saa ya kazi yangu. Mara ya kwanza nilimsubiri mpaka saa tano. Alipoingia majini nikashuka, nikasoma, nikaandika: saa tatu. Wiki ile ile Mzee Athumani akaja.

Mzee Athumani alikuwa fundi wa ofisi ya maji, mtu wa Utete, aliyezungukia vituo vyote vya bondeni kwa pikipiki. Ndiye aliyenifundisha kazi. Salamu zake zilikuwa ndefu: nyumbani, watoto, shamba, mbuzi. Ukishalegea ndipo anasema, "Haya mwanangu, tulione daftari." Siku ile wavuvi walikuwa wameshamwambia habari za kiboko.

"Saa tatu ulisomaje na kiboko amekalia kibao?" akaniuliza.

Nikasema niliogopa kuonekana nimechelewa.

"Ukisoma saa tano, andika saa tano. Kuchelewa kwa sababu ya kiboko si dhambi. Ila hiyo saa tatu yako hapa ni uongo, na uongo kwenye daftari hauchakai."

Nilimpenda yule mzee, na nilimwogopa. Alikuwa na namna zake za kumkamata mpikaji. Kupika ndivyo tunavyoita sisi, mtu anakaa nyumbani anajaza namba bila kwenda mtoni. Kwanza analinusa daftari, mbele yako, bila aibu. Daftari la mtoni lina harufu ya tope na samaki, na kurasa zake zimejikunja kwa unyevu. Likinukia sabuni au kabati, anakutazama usoni. Pili anaangalia kalamu. Msomaji wa kweli kalamu humwishia, huazima kwa mkata tiketi wa pantoni, leo wino wa bluu kesho mweusi. Mpikaji anakaa mezani siku moja, anajaza wiki mbili kwa kalamu moja na mkono mmoja usiotetemeka. Tatu, tarakimu za mwisho. "Mpikaji anapenda sifuri na tano," alikuwa akisema. "Mto hauna mapenzi hayo."

Nilijifunza vyote. Shida yake, vijana, ni kwamba ukimfundisha mtu jinsi wezi wanavyokamatwa, umemfundisha na jinsi ya kutokamatwa.

Ngoja niangalie maharage.

Nimerudi. Nilikuwa nataka kusema habari ya tovuti, maana nyie mmezaliwa mmeikuta. Zamani mtu akitaka namba za mto aandike barua, barua igongwe mhuri, ipande juu, ishuke, na yeye asubiri mpaka asahau alitaka nini. Wakati mwingine aje na ada. Tovuti ilipoanzishwa nilikuwa nimeshaletwa ofisini, nimekalia kiti cha kuzunguka kilichonitia kizunguzungu siku ya kwanza. Madaftari yote ya bondeni yalirundikwa mezani kwangu. Nikayaingiza namba moja moja kwa kidole kimoja, hiki cha shahada, kikaota sugu ambayo mpaka leo ipo. Kompyuta ikishapokea namba inazitazama yenyewe na kuzipaka rangi. Kijani, inaaminika. Njano, ina mashaka. Nyekundu, imekataliwa, haichorwi kwenye mstari. Hakuna mtu anayekaa kufikiri hapo. Ni programu inayotazama kama namba inafanana na jirani zake.

Na sitakuwa mnafiki, nilifurahi. Nilifurahi sana! Nilimwona mvuvi wa kambare akitazama maji kwenye simu kabla hajautoa mtumbwi. Mnunuzi wa mpunga anatazama kabla hajatuma lori. Mama mmoja hapa mtaani anayelima vitunguu ukingoni aliniambia, "Mama Mita, siku hizi mto naukuta mfukoni." Wanafunzi wa vyuo wanachukua namba za Kivukoni wanaandika vitabu vyao, wanavaa joho, mimi hata hawanijui. Sawa tu. Ndiyo maana ya kitu cha umma.

Lakini msiniambie ni bure. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Wahenga walisema rahisi ghali, sasa bure itakuwaje? Bure ni kwako wewe unayegusa kioo. Kuna mtu alichuchumaa. Kuna mtu aliacha uji wa mtoto jikoni akakimbilia mtoni saa tatu, kila siku, Pasaka na Krismasi, ana mafua, ana mimba. Masika moja tovuti ilizimika wiki kadhaa, wanasema malipo ya kuiweka hewani yalikuwa hayajapitishwa huko juu. Weee! Watu walinijia mpaka mlangoni kama vile mimi ndiye niliyeufunga mto. "Mama Mita, mbona mmetuzimia?" Nikawauliza, mlidhani inaelea yenyewe? Na malipo mengine hayapiti kwa mhasibu. Mengine yanalipwa na mtu aliyeiamini namba akaifanyia uamuzi.

Sasa nifike huko, maana nimezunguka vya kutosha.

Mwaka jana, kiangazi, akaja binti mmoja kwa bodaboda kutoka Mofu, vumbi limemfunika mpaka kope. Anaitwa Editha, ni katibu wa chama cha wakulima wa mpunga wa kule. Tulikuwa hatujawahi kuonana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Bibi, nimekuja kukuomba. Tunakuhitaji kijijini Jumamosi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ni ghala."

Akanieleza. Chama chao kimepata nafasi ya kujengewa ghala la mpunga, la kijiji kizima, ili watu waache kuuzia shambani kwa bei ya kutupa. Viwanja ni viwili. Kimoja kiko chini, karibu na barabara, lori linafika mpaka mlangoni. Kingine kiko juu kwenye mwinuko, mbali, njia mbaya, itabidi wachonge barabara wenyewe kwa majembe. Vijana wote na mhandisi wanataka cha chini. Wazee wanakataa. Hasa mzee mmoja, Mzee Bonifasi, anasema mwaka fulani maji yalikaa pale siku kadhaa, yalimfika kiunoni akiwa amesimama palepale penye kiwanja. Akautaja mwaka.

"Mhandisi akafungua tovuti mbele ya mkutano," Editha akasema. "Kituo cha karibu chenye namba za mwaka huo ni Kivukoni. Mwezi wote mto haukupita alama nyekundu ya mafuriko. Iko namba moja tu iliyopita, na kompyuta imeikataa yenyewe. Watu walicheka, bibi. Wakamwambia mzee anachanganya miaka. Mwingine akasema aliota."

Akanipa simu yake. "Ona. Kijani tupu."

Niliziona. Nilizijua kama ninavyowajua wanangu.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, macho yanang'aa. "Mhandisi wanamwona mgeni, lakini wewe wazee watakuamini. Uje tu usimame useme namba zako ni za kweli, tupige kura, tuanze msingi kabla ya mvua."

Nikamwambia nitakuja. Kisha nikamchemshia chai, akainywa kwa adabu mpaka nusu kikombe ndipo nikagundua sikutia majani.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mwaka ule nilikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Mnajua msimu wa mpunga bondeni watu huhamia mashambani, wanakaa kwenye vibanda miezi wakiwinga ndege, mji unabaki na wagonjwa na walimu. Msomaji wa kipimo hawezi kuhamia. Kwa hiyo kibandani nilimweka dada yangu, mimi nikabaki na vibao vyangu. Mvua zilinyesha milimani siku nyingi. Asubuhi moja nikashuka kusoma, nikaona maji yamebadilika rangi, yanabeba magogo, na tangu jana yamepanda isivyo kawaida. Katika bonde lote hakuna aliyejua mapema kuliko mimi. Ndiyo kazi niliyopewa, kujua mapema.

Na nilifanyia nini hiyo mapema? Nilichukua mundu na magunia, nikapanda pantoni, nikavuka kwenda kuokoa mpunga wangu.

Nilijiambia nitavuna leo na nitarudi jioni saa ya kipimo. Mchana pantoni ikasimama, maji yamekuwa makali. Nikakwama ng'ambo. Siku nane, vijana. Mimi na dada yangu tulivuna maji yakiwa magotini, kisha mapajani, tukabeba masuke kichwani mpaka kwenye mwinuko, tukalala juu yake. Tuliokoa magunia kumi na moja. Majirani zetu kule hawakuokoa kitu. Nilijiona mjanja sana, Mungu anisamehe.

Siku ya tisa maji yalianza kushuka, mvuvi mmoja akanivusha kwa mtumbwi. Jioni ile ile nikashuka kwenye kibao na matope yangu, nikasoma. Bado maji yalikuwa juu ya alama nyekundu. Kulikuwa na sheria: yakipita alama nyekundu, msomaji anatuma ujumbe ofisini saa hiyo hiyo. Nikatuma. Kesho yake asubuhi yalikuwa yameshashuka chini ya alama. Ndipo nikafungua daftari nikaziona siku nane nyeupe.

Ilitakiwa niandike neno moja: sikuwepo. Bango la tiketi pale pantoni lilikuwa na mstari wa tope kuonyesha maji yalikofika. Ningeweza kuupima, nikaandika na hilo. Lakini nikiandika kwamba maji yalipita nyekundu siku zile, wataniuliza, ujumbe wako uko wapi? Nikisema sikuwepo, wataniuliza ulikuwa wapi. Basi nikakaa mezani nikapika. Nikaziweka chini ya alama, chini sana, ili asinihoji mtu. Sikutumia sifuri wala tano. Niliazima kalamu mbili za watu, nikawa nabadilisha. Nikalipeleka daftari mtoni, nikaligusa kwa mkono wa tope, nikaacha kurasa zipate unyevu. Mwisho nikalinusa. Lilinukia kazi.

Mwezi uliofuata Mzee Athumani akaja. Nyumbani, watoto, shamba, mbuzi. Akalinusa, akapekua, akaweka alama ya vema kila ukurasa. "Skolastika," akasema, "ningekuwa na wasomaji watano kama wewe ningekufa kwa amani." Alikufa miaka michache baadaye, bado anaamini hivyo.

Na msidhani nilipata nafasi moja tu ya kutubu. Nilipokuwa ofisini lile daftari likafika mezani kwangu kwenye rundo. Mimi mwenyewe. Kidole kikasimama hewani. Ofisi ilikuwa na watu wawili, hakuna aliyenitazama. Nikabonyeza. Kijani, kijani, kijani, mpaka siku ya nane. Nikaingiza ile ya siku ya tisa jioni, ile niliyoisoma kwa macho yangu nimechuchumaa, na kompyuta ikaipaka nyekundu, maana haikufanana na jirani zake. Namba ya kweli ikatupwa kwa sababu ya uongo wangu. Na mimi, jamani, nilishusha pumzi nikasema afadhali.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka mingi kufika Mofu, lakini ilifika, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule. Wanawake wengi, vijana wamekaa madirishani, wazee mbele. Mhandisi alikuwa kijana mpole, ameunganisha simu yake na mashine ya kuonyesha picha ukutani, ule mstari wangu umechorwa mkubwa kila mtu anauona. Mzee Bonifasi alikaa benchi la kwanza, mwembamba, kofia ameiweka gotini. Mtu mmoja nyuma alimtania, "Mzee, leo utaamka!" Watu wakacheka. Mzee hakugeuka.

Editha akanitambulisha kwa sifa. Ndiye Mama Mita mwenyewe, miaka ishirini na sita, macho yake ndiyo haya ukutani. Wakanipigia makofi. Nikasimama, miguu haikutaka kukaa mahali pamoja.

"Hizo siku nane sikuwepo mtoni," nikasema. "Nilikuwa ng'ambo navuna mpunga wangu. Hizo namba nilizitunga."

Mmoja akacheka akidhani ni mzaha.

"Bibi, unasema nini?" Editha akaninong'oneza.

"Ninasema mzee hakuota. Ile nyekundu mliyoikataa ndiyo ya kweli. Hizo za kijani ni zangu mimi, si za mto."

Mhandisi akakohoa. "Samahani mama, una ushahidi wa hilo? Kwa sababu takwimu zinaonyesha mfululizo mzuri kabisa."

"Ni mzuri kwa sababu niliupanga!" Nilipayuka, naona aibu mpaka leo. "Mto haupangi hivyo. Unataka ushahidi gani tena? Mwizi amekuja na kuku mkononi, unamwomba risiti?"

Mzee Bonifasi akainuka taratibu, kofia mkononi, akanitazama. Sauti yake ilikuwa ya chini, watu wakainama mbele kumsikia.

"Mama, mwaka ule ulivuna?"

"Nilivuna, mzee wangu."

"Magunia mangapi?"

"Kumi na moja."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea habari ya ndugu wa mbali. "Sisi hatukupata hata la mbegu. Tulikaa kama hapa tukaandika barua kuomba msaada wa mbegu. Tukajibiwa kwamba kwa mujibu wa vipimo, mto haukufurika. Tukaandika tena. Wakajibu vilevile. Watu wawili wakahama na familia zao, hawajarudi. Nami nikaanza kujiuliza. Nilisimama majini mpaka hapa, nimembeba mtoto begani, halafu nikaanza kujiuliza labda ni mwaka mwingine. Mke wangu nilimgombeza akisema ni mwaka ule. Amekufa nimeshamgombeza."

Akakaa. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Walipiga kura, ghala likaenda juu kwenye mwinuko. Sasa hivi wanachonga ile barabara kwa majembe, na vijana hawanipendi kwa hilo. Siku ile walipotoka Editha alipita karibu yangu, akamwita kijana wa bodaboda, akamwambia, "Mpeleke huyu mama Kibaoni." Asubuhi nilikuwa bibi.

Sikulala vizuri siku ile wala zilizofuata. Jumatatu nikaenda ofisini kwetu kwa zamani, kwa bwana wa takwimu, ambaye sasa anakalia kile kiti cha kuzunguka. Ni mtu makini, hana maneno mengi. Nikamweleza yote, nikamtajia tarehe. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoa fomu.

"Asante kwa kuja, mama," akasema. "Lakini niwe mkweli. Nikizifuta hizi nane kwa neno lako, kesho mtu ataniuliza hizo nyingine zako nimejuaje kuwa ni za kweli. Kwa hiyo nitazipaka njano zote. Miaka yote ya Kivukoni uliyosoma wewe, mpaka zitakapohakikiwa."

"Na zitahakikiwa na nani?"

"Sijui. Bado hakuna mtu wa kazi hiyo."

Hapo nikalipuka. Ishirini na sita! Nilisoma nikiwa na mimba ya miezi minane. Nilisoma asubuhi ya siku tuliyomzika mama yangu, nikaenda makaburini na tope miguuni. Nilisoma na homa, nilisoma mamba akinitazama, nilisoma watu wako makanisani wanaimba. Nikampigia meza. Mtu wa dirisha la pili akaacha kuandika. Kwa ajili ya siku nane unazitia mashaka zote hizo? Maisha yangu yote kipenzi changu kilikuwa kile kibao!

Yule bwana hakubisha. Alisubiri nimalize. Akafungua kalamu, akaiweka juu ya fomu, akaniuliza kwa upole kabisa.

"Ni hizi nane tu, mama?"

Nikafungua mdomo kusema "tu". Neno dogo lile, ningelisema tungemaliza. Lakini nikaanza kuona jioni fulani ya mvua nilivyotazama kibao kutoka barabarani bila kushuka, nikakadiria. Siku ya homa niliyomtuma mtu, akarudi na namba ambayo haikunikaa sawa, nikairekebisha kidogo kwa akili yangu. Ilikuwa siku gani? Mwaka gani? Zilikuwa ngapi? Bwana yule ananitazama, kalamu iko juu ya fomu.

"Nane ninazozikumbuka," nikamwambia.

Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akanigeuzia fomu nikatia sahihi. Jioni yake ile fomu ilikuwa imeshaingizwa kwenye tovuti. Gusa mstari wa Kivukoni, utaona miaka yangu yote ya njano, na chini yake sentensi moja inayosema msomaji amekiri kutunga siku nane anazozikumbuka. Ipo Ifakara, ipo Mofu, ipo popote penye mtandao. Kuisoma ni bure.